Jinsi ya kufufua bendi ya shule mliyosoma, kabla panya hawajamaliza matarumbeta

Juzi nimetoka sokoni na mfuko wangu wa nyanya, barabarani unapita msafara wa harusi, wapulizaji wako nyuma ya pikapu kama kawaida ya Dar, yule wa dramu kubwa akapiga zile mbili za kuanzia, du, du, na mimi mtu mzima na kitambi changu nikajikuta nimeshanyanyua mguu wa kushoto. Mke wangu akaniuliza we unaenda wapi. Kama uliwahi kuwa bendi ya shule hiyo huhitaji kuelezwa.

Hii naandika kwa ajili ya yale magrupu ya wasapu ya waliosoma pamoja, maana kila grupu lina yule mtu mmoja anayetupia ile picha ya bendi, kaptula nyeupe na mkanda mwekundu, watu wanaweka vikopa, "enzi zetu jamani", mwingine anauliza huyu wa tatu kushoto yuko wapi siku hizi, afu imeisha hiyo mpaka mwakani. Sisi tulikaa hivyo miaka tisa. Sa hivi bendi ya shule yetu inapiga tena, sio vizuri sana lakini inapiga, na ntawaambia tulivyofanya pamoja na ujinga wetu.

Ujinga wenyewe ni kwamba tulianza na michango. Tukachanga, tukaagiza mtandaoni matarumbeta sita mapya ya bei chee, yakafika yanang'aa mpaka unajiona meno, tukapeleka shuleni na picha tukapiga. Mwezi wa tatu pistoni, zile tatu za kubonyeza kwa vidole, zinakwama, moja bomba limeachia pale kwenye lehemu, na shule nzima hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kutoa sauti ikaeleweka. Kwa hiyo hela iwe ya mwisho, nitaifikia.

Anzeni na stoo. Andikeni barua kwa mkuu wa shule, nendeni wawili watatu siku ya kazi, ombeni mfunguliwe. Msiende kumi na tano na tisheti za kufanana, walimu wataona mmekuja kukagua. Sisi tulikuta tuba, lile kubwa la besi, ina kiota cha panya ndani ya koo lake, dramu kubwa imeondolewa ngozi upande mmoja imewekwa mahindi ya chakula cha wanafunzi, na matoazi yamefunikia ndoo. Msinune. Pigeni picha kila kifaa, na yale matarumbeta mengi yana namba imechongwa pale kwenye kopo la katikati linaloingia pistoni ya pili, iandikeni, kila kitu kiingie kwenye leja ya shule na mhuri, maana ile ni mali ya shule na siku mnabeba kupeleka kwa fundi bila karatasi kijiji kizima kitajua nyie ndo mmeiba bendi.

Kujua kipi kizima kipi kimekufa sio kazi ngumu. Shaba haiozi kama chuma, ile kutu ya kijani ni ya juu tu, isikutishe. Pistoni iliyoganda nayo isikutishe, mara nyingi ni mate ya mwaka 2004 yamekaukia humo. Cha kuogopa ni vidoa vya rangi ya waridi kwenye bomba, hapo shaba inaliwa toka ndani na ipo siku itatoboka. Kubonyea kidogo kwenye mdomo mpana hakuna shida, kubonyea kwenye bomba jembamba kunaharibu sauti. Na kama pistoni imepotea kabisa basi hicho kifaa kifanyeni spea, maana pistoni imechongwa iingie kwenye kopo lake peke yake, huwezi kuazima ya tarumbeta jingine hata kama yanafanana kama mapacha.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, narudia, uvuguvugu, maji ya moto yanabandua ile rangi ya juu. Beseni kubwa, sabuni ya kuoshea vyombo, toa pistoni zote na uziweke pembeni kwa mpangilio, zina namba 1, 2, 3 na ukizichanganya tarumbeta halitoi sauti, watu wengi wamerudisha tarumbeta kwa fundi kumbe kaweka ya kwanza kwenye shimo la tatu. Vile vitambaa laini vya kwenye pistoni visilowe. Loweka nusu saa hivi, pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kamba, suuza, anika kivulini. Mabomba ya kuvuta paka vaselini kidogo. Pistoni zinataka mafuta yake mepesi maalum, chupa moja ndogo inakaa sana. Wazee wetu walikuwa wanatia mafuta ya taa, inafanya kazi sikatai, ila yanakauka mapema na ile harufu unaivuta mwenyewe kila ukichukua pumzi. Mafuta ya kula usithubutu. Braso, ile dawa ya kung'arishia, tumia kwenye shaba tupu tu, kama kifaa kina rangi ya juu au kimepakwa fedha utakikwangua ngozi. Na mausipisi, kile kikombe cha kupulizia, ikiganda mtu asilete plaizi! Nimeona tarumbeta zuri kabisa limepindishwa shingo na kijana mwenye nguvu na nia njema.

Bomba lililoachia hatukulipeleka mbali. Mpelekeeni fundi rejeta, yule wa zamani aliyezoea rejeta za shaba, ndo anaijua ile lehemu laini inayoshika kwa moto mdogo. Mwambie kabisa moto mdogo, na asigonge kitu na nyundo. Yetu alitengeneza chini ya mwembe huku tunamwangalia wanne, akatuuliza hii ni ya gari gani.

Dramu ni rahisi zaidi. Ngozi ya mbuzi au ya plastiki zote sawa, ila unapokaza usizunguke kama unakaza kifuniko cha chupa, kaza skrubu moja afu nenda ya ng'ambo yake, kama tairi la gari. Ya mbuzi asubuhi ya baridi au mvua inalegea, ianikeni juani kabla ya gwaride.

Sasa hapa ndo penyewe, na ndo sababu nimeandika hii kitu. Vifaa vinanunulika. Nyimbo hazinunuliki. Bendi yetu ilikuwa na machi yake ya kuingilia paredini asubuhi, haikuandikwa popote, mwalimu alijifunza kwa aliyemtangulia, sisi tukajifunza kwa kaka zetu wa vidato vya juu wanaotupiga kofi tukikosea, na kila mtu alikuwa anajua sehemu yake tu. Ukimwuliza wa tromboni, lile la bomba la kuvuta, atakuimbia po, po-po, po, hajui wa juu walikuwa wanasema nini. Yaani wimbo mmoja umekatwa vipande umegawiwa watu arobaini, wako Mwanza, wako Muscat, mmoja yuko Minnesota anabeba mizigo usiku, na wengine wameshatangulia mbele za haki wameondoka na vipande vyao.

Tulivyofanya. Admini akatoa tangazo, kila mtu aseme alipiga nini na mwaka gani. Tukachagua nyimbo tatu tu, mkitaka zote hamtapata hata moja. Afu kila mmoja aimbe sehemu yake kwa voisi noti, kwa mdomo, bila kifaa. Mara ya kwanza ikawa vurugu maana huyu anaimba kwa kasi ya harusi mwingine kasi ya msiba, havishikani. Mara ya pili tukasema kila mtu apakue kiprogramu cha metronomu, viko vya bure, aweke 120, ndio mwendo wa kutembea gwaride hatua 120 kwa dakika, aweke hedifoni sikioni asikie tik tik, ahesabu "moja mbili tatu nne" kwa sauti ndipo aanze. Hapo kijana mmoja anayejua kompyuta akavipanga juu ya vingine kwenye programu ya bure ya kurekodia, kila "moja" juu ya "moja", akatuma.

Aisee. Watu wazima kumi na nne wanaimba pom pom pom, mmoja mtoto analia nyuma, mwingine daladala inapita, na katikati ya hiyo takataka yote machi yetu imesimama wima. Grupu lilikaa kimya kama dakika kumi, na lile grupu halijawahi kukaa kimya.

Mashimo yalikuwepo, sauti ya tatu hakuna aliyekumbuka kipande cha katikati. Msijaze wenyewe haraka. Mtafuteni mwalimu wa bendi, mzee popote alipo. Wa kwetu tulimkuta kijijini kwake, shikamoo mwalimu, marahaba, macho hayaoni vizuri lakini tulipomchezea ile rekodi alinyanyua mkono akasimamisha, akasema, "Huyo wa tromboni bado anachelewa." Yule bwana sa hivi ni meneja wa benki. Mrekodini mzee sehemu moja moja, kwanza ya juu, afu ya pili, ya tatu, besi, afu mdundo wa dramu apige mezani kwa vidole. Mwulizeni na majina ya nyimbo, na nani alimfundisha. Msiende mikono mitupu, na msikae zaidi ya saa mbili, wazee wanachoka ila hawasemi. Kama mwalimu wako yupo hai na unasoma hii, acha kusoma mpigie simu, utamalizia baadaye.

Mkishapata, andikeni kwa solfa, do re mi, maana hata kama hakuna anayesoma nota kwenye mistari kila kanisa lina mtu wa kwaya anayesoma solfa. Rekodi ziwekwe sehemu tatu tofauti, sio kwenye simu ya admini tu, simu zinaibiwa.

Nikae hapa kidogo niwachokoze wanaosema bendi ni mambo ya wazungu yaache yafe. Pwani yetu ilishamaliza huo ubishi kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Miaka ya 1890 huko, Mombasa na Lamu, watu walisikia bendi za kijeshi wakachukua gwaride, vyeo na sare wakafanya ngoma yao, wakaiita beni. Ikaingia Tanganyika ikawa Marini na Arinoti, pande mbili zinashindana kwa mavazi, nyimbo za kutupiana na karamu, kila upande na mfalme wake na maafisa wake, na askari na wapagazi wa vita ya 1914 wakaisambaza bara. Zanzibar mpaka leo beni inapita mtaani kwenye harusi na sherehe. Na ule wimbo tunaousimamia, Mungu Ibariki Afrika, unatokana na wimbo aliotunga mwalimu wa shule na kwaya kule Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Kwa hiyo mwalimu na watoto wake wa kuimba ni jambo zito hilo.

Haya, watoto. Chukueni kidato cha kwanza. Kila mtu atawaambia chukueni wakubwa wana pumzi, msisikilize. Mtu wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja yuko kwenye mtihani, Januari hayupo, kaondoka na kila kitu kichwani. Bendi yetu iliuliwa na hicho, mwaka mmoja bendi ikaacha kuchukua wapya, basi miaka mitatu baadaye hakuna aliyebaki wa kumfundisha mwenzake. Kwa hiyo wa kwanza mnawafundisha nyie, wakifika cha pili wao ndo wanamfundisha wa kwanza, kila mmoja na mtoto wake, jina limeandikwa. Na wasichana wapeni tuba na tromboni kama wanataka, enzi zetu waliishia kwenye filimbi na hakuna aliyejua kwa nini. Anayepuliza tuba yetu sa hivi ni binti mfupi kuliko tuba yenyewe.

Wiki mbili za kwanza hakuna tarumbeta. Mausipisi tu mkononi, kila mtoto na yake, na zioshwe kwa sabuni kila siku, msichangie, mate ni mate na magonjwa yapo. Midomo ifungwe kama unasema "mmm", pembe zikaze, pumzi isukume mpaka mdomo utoe mlio kama nyuki kwenye kopo. Dakika kumi pumzika, dakika kumi pumzika. Mtoto atataka kukandamiza kifaa usoni ndipo kitoe sauti ya juu, mkatazeni mapema, ukizoea kukandamiza mdomo unachoka kwenye ubeti wa pili na miaka yote utabaki hapo.

Likija tarumbeta, anza na vidole vikiwa vimetulia kabisa, bila kubonyeza. Kwa kukaza na kulegeza mdomo tu atapata do ya chini, so, do ya juu, mi na kuendelea, ndo maana baragumu la skauti halina kibonyezo na linapigwa nyimbo. Afu ngazi yenyewe: do bila kubonyeza, re ni 1 na 3, mi ni 1 na 2, fa ni 1, so bila, la ni 1 na 2, ti ni 2, do bila. Iandikeni kwa rangi ukutani stoo. Uzuri wa mpango wa bendi za shaba za Kiingereza ni kwamba vidole hivyohivyo unavikuta kwenye koneti, lile tarumbeta fupi, kwenye teno, honi ya ukubwa wa kati, na mpaka kwenye tuba, nota zao zimeandikwa makusudi hivyo, kwa hiyo mtoto akiumwa unamhamisha mwenzake bila kumfundisha upya. Tromboni peke yake ndo ina mambo yake ya kuvuta.

Hapo kuna ugomvi mmoja niwaonye mapema. Sisi tuliita walimu wawili wa kujitolea, mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi, mwingine wa matarumbeta ya kanisa la Kilutheri. Siku ya kwanza wakakaribia kushikana mashati, huyu anasema hiyo ni C yule anasema hiyo ni B flati, watoto wanawaangalia. Wote walikuwa sahihi. Utamaduni wa matarumbeta ya kanisa uliotoka Ujerumani unaita sauti kama inavyosikika kwenye kinanda, bendi za mtindo wa Kiingereza zinaiita kwa vidole, yaani isiyobonyezwa ni C hata kama kinanda kinasema B flati. Chagueni mmoja, watoto wafuate huo, mwingine apewe dramu aheshimike huko. Solfa nayo inasaidia maana do ni do tu.

Kutembea msikimbilie. Kwanza wapige wamekaa, afu wamesimama, afu wanapiga mguu palepale walipo, ndipo watembee. Dramu kubwa na mguu wa kushoto ni kitu kimoja, hilo wakilikosa hata wapige kama malaika wataonekana wanakanyaga siafu. Hatua ziwe fupi, na mguu uanze kushuka kwa kisigino polepole kama umebeba chai, la sivyo tarumbeta linaruka na meno yanagongwa. Udramu meja, yule anayetangulia mbele kuongoza bendi, msimpe mrefu kuliko wote kwa sababu ni mrefu, mpeni asiyepoteza hesabu.

Ratiba: kidato cha kwanza wanaingia Januari, wapeni mwezi wazoee shule, anzeni Februari, Jumamosi moja kwa wiki na siku mbili za dakika arobaini baada ya vipindi. Msijitie aibu kukimbilia sherehe za Muungano Aprili 26, hamtakuwa tayari. Lengeni mahafali ya kidato cha nne, wazazi wapo, nyimbo tatu, basi. Mwalimu wa taaluma mwendeeni mapema mwambieni siku za mitihani bendi inasimama, akiamini hilo hatawasumbua.

Na hela sasa, ndo mahali pake hapa. Mafuta ya pistoni, mausipisi, ngozi za dramu, nauli na chai ya mwalimu wa kujitolea, kila mwezi, kiasi kidogo kwa watu wachache wanaolipa kweli, sio ahadi kubwa za watu mia. Vifaa vipya baadaye, kimoja kimoja, na afadhali tarumbeta moja lililotumika la kampuni inayojulikana kuliko matatu mapya ambayo hakuna fundi anayakubali.

Mahafali yale walipiga machi yetu taratibu kidogo kuliko ilivyo, sauti ya pili ilipotea katikati ikarudi, mzee tulimleta kwa bajaji akakaa mstari wa mbele na fimbo yake. Walipomaliza aliniita, nikainama nikidhani ananipa baraka, akaniambia matoazi yana ufa, sikilizeni vizuri. Tulikagua kweli yana ufa, labda tangu yalipokuwa yanafunikia ndoo.

Kitu cha mwisho ni funguo za stoo. Ziwe mbili, moja kwa mwalimu mlezi, moja kwa kiongozi wa bendi wa kidato cha pili, maana mwalimu akihamishwa na funguo imehama. Vifaa vitundikwe ukutani au viwe juu ya chaga, sio chini. Na mahindi yatafutiwe chumba kingine.